Damu ya Mwenyekiti

Fuatino alijifunza kuinama kabla hajajifunza kusoma. Katika kanisa letu la Wasamoa hapa Mangere, mjini Auckland, mtoto anayepita mbele ya wakubwa waliokaa hupita amekunja mgongo, akiomba radhi kwa sauti ndogo, na hanyooki mpaka amempita mtu wa mwisho. Tangu alipoweza kubeba sahani bila kumwaga mchuzi, Fuatino alipita hivyo kila Jumapili baada ya ibada, akiwapelekea wazee chakula, kisha beseni la maji na taulo ili wanawe mikono. Hata alipokuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye ajira katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege, bado alikuwa akipita amekunja mgongo. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi pia sioni ajabu. Heshima haijapata kumuua mtu. Kilichokuwa kikituua ni kitu kingine, tulichokiita heshima kwa sababu jina lake halisi lingetuaibisha.

Baba yake, Sakaio, alikuwa mzee wa kanisa na Mwenyekiti wa Kamati ya Afya. Uenyekiti aliupata kwa sababu ana sauti nzito na anajua kufunga mkutano kwa sala ndefu. Kamati yenyewe ilikuwa ya wanaume watupu, wenye matumbo ya kuheshimika, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani alete nyama ya kopo na nani alete nguruwe siku za mikutano ya kamati. Mkewe Sakaio alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa wa sukari. Kwanza walimkata kidole cha mguu, halafu mguu, halafu tukamzika. Kamati ya Afya ilisimamia chakula cha msiba, na watu walishiba.

Ndipo ikaja ofisi ya afya ya mjini, ikaleta mradi. Ofisi hiyo ilikuwa imegundua, baada ya utafiti mrefu, kwamba watu wa visiwani wanaumwa, na kwamba dawa yake ni vijana kuwezeshwa. Aliyetumwa kuwawezesha ni mama mmoja wa Kizungu aitwaye Bi Philippa, mtu mwema, mwenye hereni kubwa za mbao na subira isiyo na mwisho. Vijana wetu waliwezeshwa katika ukumbi wa kanisa Jumamosi kadhaa. Walikaa kwenye duara, wakachora miti yenye mizizi, wakaambiwa kila mmoja ana kiongozi ndani yake. Baadaye, kwa bahati nzuri, akaja muuguzi akawafundisha kitu cha kweli: kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, kusoma namba, na kutambua kidonda kinachokataa kupona. Fuatino alishika yote. Mwisho wa mafunzo wakapewa fulana za njano zilizoandikwa kifuani kwa herufi kubwa: SIMAMA, SEMA.

Katika ofisi nzima hakuna aliyeuliza mtu yeyote wa Samoa kama kijana anaweza kusimama wakati wazee wamekaa. Kwetu hilo ni tusi kabla hujafungua mdomo. Vijana walizivaa fulana hizo kwa furaha, wakawapelekea wazee chai wakiwa wameinama hivi kwamba maandishi yalisomwa na sakafu.

Kamati ya Afya ilizindua mradi kwa karamu. Yalikuwepo magimbi katika tui zito la nazi, mbavu za kondoo zenye mafuta ya kushikika, nguruwe wawili, na tambi. Kwa kuwa ilikuwa karamu ya afya, nyama ya kopo iliwekwa juu ya majani ya saladi, na majani yakarudi jikoni salama. Bi Philippa aliposhauri watu wafanye mazoezi ya kutembea, kamati ilikaa, ikajadili, na Sakaio akatangaza uamuzi.

"Tumekubali kutembea," alisema. "Vijana watatembea kwa niaba ya kanisa."

"Na wazee je?" Bi Philippa aliuliza.

"Wazee tutawaombea wakiwa njiani."

Asidhani mtu kwamba alikuwa anatania. Kwetu kijana humtumikia mzee. Humpikia, humfulia, humbebea mizigo, na mzee huona kwamba kazi iliyofanywa na mwanawe ameifanya yeye mwenyewe. Ni utaratibu mzuri sana kwa kuchimba magimbi. Basi kila Jumamosi asubuhi vijana wetu, ambao hawakuwa na shida yoyote, walizunguka mitaa ya Mangere mpaka wakawa wembamba kama fito, na wazee wakawa wanawapungia mkono kutoka barazani, sahani mapajani.

Majira ya baridi yalipoingia Fuatino aliona soksi. Wazee wetu huvaa shuka rasmi la kiunoni na ndara, mvua inyeshe au jua liwake, na ndani ya nyumba kila mtu hukaa miguu mitupu. Sakaio alianza kuvaa soksi nene nyeusi, na hakuzivua hata kwenye mkeka wa sebuleni kwake. Alisema ni baridi. Jumapili moja, binti alipopiga goti na beseni mbele yake, aliona soksi ya kushoto imelowa penye kidole gumba, na hakuna aliyekuwa amemwaga maji. Kisha akasikia harufu. Aliikumbuka harufu ile kutoka chumba cha mama yake.

Alisubiri wafike nyumbani, akakaa mkekani mbele yake.

"Baba, naomba niuone mguu."

"Mguu wangu umekuwa picha ya ukutani?"

"Unatoa harufu, baba."

"Hiyo ni dawa ya kuchua. Pua yako imezoea sabuni za kiwandani."

"Mama naye alisema ni dawa ya kuchua."

Sakaio aliweka kikombe chini. "Usimtaje mama yako kwa habari ya soksi," alisema, na Fuatino akanyamaza, kama binti aliyelelewa vizuri. Usiku ule akalala akijua jambo moja: asipoangaliwa na daktari mapema, baba yake atafuata njia ileile, kidole, mguu, kaburi. Na wa kulisema hilo kwa sauti alikuwa yeye, ambaye hakuruhusiwa.

Siku vijana walipopangiwa kuwapima wazee sukari, Fuatino alitumaini sana. Sukari ikionekana, muuguzi angemvua baba soksi apende asipende. Meza zilipangwa ukumbini, vijana wa fulana za njano wakakaa na vipimo vyao, na muuguzi akakaa chumba cha pili akiwasubiri wale watakaoonekana wana sukari nyingi. Sakaio alikuja wa kwanza, kama Mwenyekiti, akiongozana na mwanawe Tavita, kijana wa sekondari anayecheza raga.

"Andika jina langu," alimwambia Fuatino.

"Nipe kidole, baba."

"Tavita, mpe dada yako kidole."

"Baba, hiki kipimo ni chako."

"Kwani nimekataa? Nimesema andika jina langu. Huyu ni mwanangu. Damu yake kaitoa wapi, dukani?"

Wazee waliokuwa nyuma yake wakacheka kwa kuridhika. Mmoja akasema, "Mwenyekiti ana akili huyu."

"Dada, nichome upesi," Tavita alinong'ona. "Nina mechi."

Fuatino alimtazama baba yake, akautazama mstari wa wazee, kisha akamchoma mdogo wake na kuandika jina la Sakaio. Mstari wote ulishaelewa. Watoto waliokuwa wakicheza nje waliitwa kwa majina, wajukuu wakavutwa kutoka jikoni, na kila mzee akasimama pembeni ya kidole cha mtoto, amekunja mikono, mwenye uso wa mtu anayejitolea. Mzee mmoja ambaye kanisa zima lilijua anameza vidonge vya sukari aliwakilishwa na mjukuu wake mwanariadha. Alipoambiwa namba yake, alimshukuru Mungu. Huko chumba cha pili muuguzi alisubiri mpaka akalimaliza gazeti.

Bi Philippa alirudi wiki iliyofuata akiwa amejaa machozi ya furaha. Ofisini kwake hawakuwahi kuona matokeo kama yale. Kanisa letu, kwa mujibu wa namba, lilikuwa na wazee wenye afya kuliko wazee wote wa Auckland. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na damu ya kijana wa miaka kumi na sita. Niseme wazi, mtu mwenye macho angetazama matumbo yetu angalau mara moja kabla ya kulia. Lakini ofisi ilikuwa inatafuta mafanikio, na mtu anayetafuta mafanikio huwa hatazami matumbo. Ikaamuliwa ifanyike sherehe.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Wakubwa wa ofisi walikaa mbele karibu na Mchungaji. Keki ilikuwa na umbo la moyo, nyekundu, imefunikwa sukari kidole kizima. Sakaio alialikwa aeleze siri ya ushindi. Aliinuka polepole, akiegemea kiti, akasema siri ni nidhamu, maombi na saladi. Alipokaa, Fuatino aliona amekunja uso kwa maumivu na kuusogeza mguu wa kushoto chini ya kiti.

Bi Philippa akashika kipaza sauti. "Sasa nani kati ya vijana wetu atatuambia neno?"

Hapo ndipo Fuatino alipofanya alichofundishwa. Alisimama. Alisimama wima, katikati ya ukumbi, Mchungaji amekaa, wazee wamekaa, baba yake amekaa, akasema kwa Kisamoa:

"Damu ya baba yangu haikupimwa. Iliyopimwa ni ya Tavita. Wazee wote mlipimiwa watoto wenu. Baba ana kidonda mguuni, kinanuka, na mama yetu alikufa hivihivi."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Bi Philippa. Hajui neno hata moja la Kisamoa. Aliona kijana amesimama na amesema, kama fulana inavyoagiza, na wakubwa wake wa ofisi nao wakapiga makofi kwa nguvu, mmoja akafuta macho.

"Kaa chini," Sakaio alisema bila kuinua sauti.

"Baba—"

"Umesimama juu ya kichwa cha Mchungaji. Kaa."

Mchungaji akaanzisha wimbo, kwaya ikadaka, keki ikakatwa.

Wiki nzima Mangere haikuzungumza kitu kingine. Watu walieleza jinsi binti wa Sakaio alivyosimama: mikono ilikuwa wapi, kidevu kilikuwa wapi, na kama magoti yalikuwa yamekunjwa hata kidogo. Sikumsikia mtu aliyeuliza kama alichosema ni kweli. Kosa la mgongo wake lilitupa sote nafasi nzuri ya kusahau mguu wa baba yake, na tuliitumia nafasi hiyo mpaka ikaisha.

Sakaio alimpiga marufuku binti yake kuhudumu. Beseni sasa lilibebwa na binti mwingine. Nyumbani mzee alikula na mlango wa chumba chake umefungwa, na dawa ya kuchua ilinuka mpaka barabarani. Alianza kusema anasikia baridi hata akiwa karibu na hita, na Tavita akamwambia dada yake kwamba baba sasa anashuka ngazi za kanisa kwa kukaa.

Fuatino alipanda basi akaenda Otahuhu kwa shangazi yake, Aliitasi, dada mkubwa wa Sakaio, mjane mwenye mwili mkubwa na miwani midogo, aliyehamia kanisa jingine baada ya kugombana na kwaya yetu kuhusu nani aanze kuingia. Binti alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani akiwa amekunja miguu, akaeleza yote.

Shangazi alisikiliza huku akimenya ndizi za kuchemsha.

"Ulisema ukiwa umesimama?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Mbele ya Mchungaji?"

"Ndiyo."

"Na ile fulana ya rangi ya manjano ya yai?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hata mimi nisingekusikia. Ningekuwa naangalia fulana." Akaweka kisu. "Mbona hukuja kwangu kwanza?"

"Walitufundisha kila mtu ana sauti yake."

"Anayo, nani kakataa? Lakini baba yako hasikii sauti za chini yake. Wanaume wa nyumba yetu ndivyo walivyo, hata babu yako. Kidonda kina ukubwa gani?"

"Sijakiona. Kinanuka kama cha mama."

Shangazi Aliitasi alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na mkoba.

Kwetu kaka na dada wana agano. Kaka anaweza kumbishia mkewe, wanawe, serikali, na kamati yake mwenyewe, lakini dada yake akitamka neno, analitii. Dada ni baraka yake na pia ni laana yake akitaka. Sakaio, ambaye amehubiri juu ya agano hilo mara nyingi kwa machozi, alikuwa hajamtembelea dada yake tangu soksi zianze.

Walimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Shangazi aliweka mkoba sakafuni, akakaa kwenye kiti.

"Umesafiri, dada?" Sakaio aliuliza. "Huo mkoba wa nini?"

"Nguo za kulala. Nakwenda kulazwa hospitali."

"Unaumwa nini?"

"Mguu wako."

Sakaio alimtupia binti yake jicho. Fuatino alikuwa chini, karibu na mlango, ameinamisha kichwa.

"Usimtazame mtoto," shangazi alisema. "Nitazame mimi. Nimesikia mwenzangu umepata mpango mzuri. Damu yako inapimwa kwa Tavita. Matembezi yako wanatembea vijana. Nikasema, Sakaio hajakamilisha mpango. Kidole ni kazi ya mtoto, lakini mguu ni mzigo mkubwa, huwezi kumbebesha mtoto. Mimi ndiye mkubwa wako. Twende, nitamwambia daktari akate wangu."

"Dada, usinitanie."

"Nani anakutania? Nimefungasha hata mswaki."

"Sina kidonda cha kukatwa. Ni malengelenge ya kiatu."

"Basi vua nione malengelenge."

Hakuvua. Nje Tavita alikuwa akidundisha mpira ukutani, na kila ulipogonga Sakaio alifumba macho.

"Sakaio," dada yake alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "mkeo nilimwosha mimi kabla hajawekwa kwenye jeneza. Mguu mmoja. Sitaki kukuosha wewe. Vua hiyo soksi, au tamka mbele ya binti yako kwamba umenikatalia."

Mzee wa kanisa aliinama mwenyewe, akavua soksi. Ilikuwa imegandamana na ngozi. Alipoitoa, shangazi alikaza macho yake kwenye uso wa kaka yake, kwa adabu. Aliyetazama kidonda ni Fuatino, maana yeye ndiye aliyefundishwa. Kidole gumba kilikuwa cheusi na cha pili yake kilikuwa kimeanza.

"Leo, baba," alisema kutoka pale chini. "Si kesho."

"Nipeni koti," Sakaio akasema.

Walimkata vidole viwili. Daktari alisema wangechelewa zaidi kidogo, asingeahidi kuuokoa mguu. Sukari yake, ilipopimwa kwa damu yake mwenyewe, ilimfanya muuguzi wa wodi arudie kipimo akidhani mashine imeharibika.

Fuatino alikuja kila jioni na chakula kisicho na tui. Siku moja baba yake, akitazama dirishani, alisema, "Ulisimama juu yangu mbele za watu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Ungekuja, ukakaa kwa adabu, tungezungumza."

"Nilikuja nikakaa, baba. Uliniambia pua yangu imezoea sabuni."

Sakaio alitafuna kwa muda mrefu kipande cha samaki. Yapo majibu mengi ambayo baba wa Kisamoa anaweza kumpa binti yake, na mengi nimeyasikia. Yeye alisema, "Hakina chumvi hiki," akamaliza chote.

Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani, akiwa katika kiti cha magurudumu, aliomba nafasi baada ya matangazo. Hakutumia sauti yake ya mikutano. Alisema damu iliyosifiwa haikuwa yake, na kwamba binti yake alisema kweli akatukanwa kwa ajili ya mgongo. Alisema pia kwamba sherehe ile ilikuwa ya uongo na keki aliila. Kisha akajiuzulu uenyekiti. Kamati ilikutana upesi, ikasikitika, ikala, ikamchagua mwenyekiti mpya aliyemzidi Sakaio umri na uzito. Fuatino alipewa ukatibu, na akaombwa alete chai.

Aliileta. Alipomaliza kuigawa, akiwa amekaa mkekani, alisema kanisa lipimwe upya, wazee kwa vidole vyao. Sakaio, ambaye hakuwa tena na cheo chochote, akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu kwamba yeye atakuwa wa kwanza. Hakuna aliyeweza kusema yeye hatakuwa wa pili.

Bi Philippa alipopelekewa habari alihuzunika sana. Aliomba kama ingewezekana kuyaita matokeo ya kwanza "hatua ya mwanzo", kwa kuwa taarifa ilishachapwa na picha ya Fuatino akiwa amesimama ilikuwa kwenye jalada. Baadaye ofisi ikaupeleka mradi kwa kanisa jingine, upande wa magharibi, ambako wazee, tumesikia, wana afya ya kushangaza. Muuguzi alikubali kurudi kwetu bila mradi.

Basi siku hiyo meza ikapangwa tena. Sakaio alisogezwa mbele, akanyoosha mkono. Fuatino alimchoma baba yake kidole, akaisoma namba kwa sauti bila kuipunguza, na muuguzi akainuka kutoka chumba cha pili kabla hajaitwa. Wazee kwenye mstari walitazamana. Wa tatu, ambaye ni mwenyekiti mpya, aligeuka na kuanza kuliita jina la mjukuu wake.

"Mjukuu wako nimemtuma dukani," alisema Shangazi Aliitasi, ambaye alikuwa ameweka kiti chake mlangoni pamoja na dada za wazee wote waliopatikana. "Na dada yako huyu hapa. Rudi kwenye mstari."

Alirudi.